Kuhamisha ng'ombe Ngorongoro: usiangalie majani peke yake

Anayeanza kuchunga na Wamasai wa Ngorongoro hudhani ng'ombe hufuata malisho na maji tu. Basi hushangaa kati ya Januari na Machi: nyanda za nyasi fupi kuelekea Ndutu zina malisho matamu kuliko yote, ila wazee wanaagiza mifugo ipande milimani.

Wanakimbia nyumbu, maana huo ndio msimu wao wa kuzaa. Ndama wa nyumbu hutoa virusi kwenye makamasi na machozi, na ng'ombe huvipata akichunga karibu nao au akila majani waliyoyachafua. Nyumbu mwenyewe haugui. Ng'ombe hupata homa kali, makamasi mazito, na macho yanafunga ukungu mweupe. Ugonjwa huu hauna dawa na wengi hufa, kwa hiyo usimalize pesa kwa sindano. Hauambukizi kutoka ng'ombe hadi ng'ombe. Dalili huchelewa kwa wiki kadhaa, ndiyo maana mgeni hulaumu malisho ya jana wakati kosa lilifanyika mwezi uliopita.

Milimani nako kuna kupe waenezao ugonjwa wa ndigana kali, na ndama ndio huumia zaidi. Jioni, kabla hawajaingia zizini, geuza kila sikio ukague ndani. Papasa chini ya sikio na mbele ya bega. Tezi likivimba na mnyama ana homa, mwite mtaalamu wa mifugo siku hiyohiyo. Akishaanza kuhema na kutoa povu puani, umechelewa.

Chanjo ya ndigana kali ipo, na inalipa. Huhifadhiwa kwenye naitrojeni ya kimiminika, na ikishachanganywa haikai, hivyo kusanyeni ndama wa boma kadhaa kabla mchanjaji hajafika. Hudungwa pamoja na oksitetrasaiklini ya muda mrefu (antibiotiki), ambayo hupimwa kwa uzito wa ndama. Ukimkadiria mwepesi kuliko alivyo, dawa itapungua na chanjo yenyewe itamuuguza. Wadhaifu waachwe wapone kwanza, wakila olopololi, malisho yaliyotengwa karibu na boma. Mama zao wakamuliwe chuchu mbili tu, nyingine waachiwe ndama.

Kurudi tambarare, msishuke kwa kuhesabu tarehe. Vijana watangulie kuangalia ndama wa nyumbu: huzaliwa wakiwa na rangi ya kahawia hafifu na hugeuka weusi wakikaribia miezi mitatu, ndipo hatari hupungua. Wakionekana wa kahawia bado, subirini.