0.1 + 0.2 inaniletea 0.30000000000000004, simu yangu ni mbovu?

SWALI: Shikamoo kaka. Nimemaliza form six mwaka huu, nilisoma HGL kwahiyo hesabu niliziacha form four. Nataka nijifunze misingi ya kompyuta sayansi mwenyewe wakati nasubiri chuo. Nina laptopu ya zamani ya Windows 7, RAM GB 2, Python mpya, ile lugha ya kuandikia programu, imegoma kuingia ndo maana naandikia kwenye simu. Miezi miwili sasa naangalia video, nikifuatisha naelewa kabisa, ila nikifunga video nikisema niandike mwenyewe sijui hata pa kuanzia. Alafu juzi nimeandika 0.1 + 0.2 imeleta 0.30000000000000004, nimerudia mara tatu jibu ni hilo hilo. Simu ndo mbovu au Python? Na niendelee nayo au nihamie Java?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Simu yako nzima na Python nayo nzima, na ukihamia Java ukaandika hesabu hiyo hiyo jibu litakuja hilo hilo mpaka ile 4 ya mwisho. Nimefurahi sana umeliona, na zaidi nimefurahi kwamba ulirudia mara tatu badala ya kulipita, kwa sababu hapo umegusa msingi wenyewe wa hii fani bila kujua.

Twende dukani kidogo. Chukulia muuza duka ana mizani, na mawe yake ya mizani ni ya aina moja tu, kila jiwe ni nusu ya lililotangulia: nusu kilo, robo, thumuni, alafu nusu ya thumuni, na kuendelea hivyo hivyo kushuka chini, na kila jiwe analo moja tu. Sasa wewe unataka sukari gramu 100 kamili, yaani moja ya kumi ya kilo. Jiwe la gramu 500 kubwa mno, la 250 kubwa, la 125 nalo kubwa. La 62.5 linaingia, weka. La 31.25 linaingia, umefika 93.75. La 15.625 litazidisha, la 7.8125 litazidisha pia, la 3.90625 linaingia, la 1.953125 linaingia, sasa uko 99.609375. Endelea hata mpaka kesho, utaisogelea 100 kila hatua na hutaifikia. Chukua daftari uhakikishe mwenyewe kwa kalamu, usiniamini tu.

Kompyuta ndivyo ilivyo. Ndani yake kuna biti tu, 0 au 1, jiwe limewekwa au halijawekwa, na huo ndo mfumo wa baineri wanaoutaja kwenye video. Nusu, robo na thumuni inaziandika kamili bila shida, ndo maana ukiandika 0.5 + 0.25 utapata 0.75 safi kabisa, jaribu sasa hivi. Ila moja ya kumi haipatikani kwa mawe hayo, kama sisi kwa karatasi tunavyoshindwa kuimaliza moja ya tatu, tunaandika 0.3333 mpaka tunachoka. Python inatenga biti 64 kwa kila namba yenye desimali, moja ya alama ya kujumlisha au kutoa, 11 za kusema namba ni kubwa au ndogo kiasi gani, na 52 za tarakimu zenyewe. Zikijaa inabidi ikate na kukadiria. Kwahiyo 0.1 yako haikuwa 0.1 kamili tangu mwanzo, na 0.2 vivyo hivyo, ukizijumlisha vile vipande vidogo vinajitokeza kule mwisho.

Usione ni kitu kidogo. Tarehe 25 Februari 1991, wakati wa vita vya Ghuba, kombora la Scud la Iraq lilipiga kambi ya jeshi la Marekani pale Dhahran, Saudi Arabia, wanajeshi 28 wakafa. Mtambo wa Patriot uliotakiwa kulizuia haukulirushia chochote. Walipochunguza wakakuta saa ya ule mtambo inahesabu muda kwa moja ya kumi ya sekunde, na hiyo moja ya kumi ilikuwa imekatwa ili itoshe kwenye biti 24. Kosa la kila hesabu moja ni dogo hata huwezi kulifikiria, lakini mtambo ulikuwa umewashwa kama masaa 100 mfululizo na makosa yakawa yanajumlishana mpaka yakafika theluthi moja ya sekunde hivi. Kwa spidi ya lile kombora hiyo ni zaidi ya nusu kilomita, mtambo ukawa unaliangalia mahali ambapo halipo. Moja ya kumi, mdogo wangu, ni ile ile uliyoiandika juzi kwenye simu.

Mimi mwenyewe nilikutana nayo mwaka wangu wa kwanza kazini kwenye programu ya kufunga mahesabu ya siku. Skrini ilionyesha pande mbili ziko sawa mpaka senti, na programu inasema hazilingani, nilikesha siku mbili. Shida ilikuwa VAT ya asilimia 18 niliyoihesabu kwa desimali alafu nikaziuliza namba mbili kama ni sawa sawa. Wewe ukiuliza Python kama 0.1 + 0.2 == 0.3 itakujibu False, yaani si kweli, na kwa mawe yake iko sahihi. Tangu hapo hela naihifadhi kwa senti kama namba nzima, shilingi 1,800.50 inakaa kama 180050, na pale ambapo lazima desimali iwepo natumia decimal, kifaa cha kuhesabu desimali kama sisi kwa karatasi, ambayo inakuja ndani ya Python yenyewe. Anza na tabia hiyo mapema.

Sasa hili la kuelewa video alafu kukwama ukiwa peke yako. Hapa ndo nataka unisikilize zaidi, maana nimefundisha vijana kadhaa na wengi hawakwami kwenye lugha, wanakwamia kwamba hawajawahi kuwa kompyuta wenyewe hata mara moja. Ukiangalia video anayefikiri ni yule mtu, wewe unasoma majibu. Nenda kanunue kaunta buku. Chukua programu hii ndogo ya kutafuta bei kubwa kuliko zote:

bei = [3500, 2800, 4000, 3200]
kubwa = bei[0]
for b in bei:
    if b > kubwa:
        kubwa = b
print(kubwa)

Usiiandike kwenye simu kwanza. Chora safu mbili kwenye daftari, moja b na nyingine kubwa. Kabla lupu, yaani ule mzunguko wa for, haijaanza kubwa ni 3500, maana bei[0] ni bei ya kwanza kwenye orodha. Mzunguko wa kwanza b ni 3500, je imezidi 3500? Hapana, kubwa ibaki. Wa pili b ni 2800, hapana. Wa tatu b ni 4000, ndiyo, futa 3500 uandike 4000. Wa nne 3200, hapana. Jibu 4000. Sasa usogeze ule mstari wa kubwa = b urudi kushoto usimame chini ya if badala ya kuwa ndani, Python itakataa kwa sababu if imebaki tupu, sawa, basi ifute na ile if yenyewe alafu upitie tena kwa kalamu. Utapata 3200, yaani bei ya mwisho tu, kwa sababu kila b inafuta iliyotangulia. Ukishaliona hilo kwa mkono wako umeelewa variabo, yaani jina linalobeba thamani kama b na kubwa, ni nini na if inafanya kazi gani, na hakuna video itakayokupa hiyo.

Fanya hivyo kila siku, programu moja ya mistari mitano au sita, daftari kwanza simu baadaye, na kabla hujabonyeza kuirun andika pembeni unategemea ije nini. Ikija tofauti usifute haraka, tafuta ni mzunguko wa ngapi wewe na kompyuta mlipoachana.

Kuhusu Java, usihame. Lugha utajifunza hata tatu nne baadaye na kila inayofuata itakuwa rahisi kuliko ya kwanza. Laptopu yako inatosha kabisa, tatizo ni kwamba Python kuanzia 3.9 haikubali Windows 7, shusha 3.8.10 kwenye tovuti yao wenyewe python.org, na kama Windows yako ni ya biti 32 chagua ya biti 32. Ndani inakuja na IDLE ya kuandikia, ukishaiweka bando halihitajiki tena. Kusoma HGL bila hesabu kusikutishe, kwa miezi hii unahitaji kujumlisha, kugawa kwa mbili na uvumilivu.

Ukishazoea lupu ingia kwenye kutafuta. Mwambie rafiki yako awaze namba kati ya 1 na 1000, wewe utaje, akujibu iko juu au chini. Ukitaja za katikati kila mara unatupa nusu ya zilizobaki, hutazidisha mara 10, kwa sababu 2 ukiizidisha yenyewe kwa yenyewe mara 10 ni 1024. Kwa namba milioni moja ni mara 20 tu. Ila lazima ziwe zimepangwa kwa mfuatano, kama maneno kwenye kamusi.

Kazi ya wiki hii: badilisha ile programu itafute bei ndogo kuliko zote, hiyo nyepesi. Alafu itafute bei ya pili kwa ukubwa, kwa lupu moja tu, na hapo utahitaji variabo mbili, bei mpya ikizidi kubwa, ile kubwa ya zamani lazima uihamishe kwenye nafasi ya pili kabla hujaifuta. Ukimaliza ijaribu na [4000, 4000, 3200]. Ya pili hapo ni 4000 au 3200? Amua wewe, liandike jibu lako kwenye daftari na sababu yake, alafu ndo uwashe laptopu.