Tarehe za hedhi ndani ya simu: majibu kwa mareko wa Bukavu

Maswali ya juma hili yametoka kwa mareko, wale wahudumu wa afya wa jamii wanaopanda na kushuka vilima vya Bukavu nyumba kwa nyumba, ambao sasa huandika tarehe za hedhi ndani ya simu.

Swali: Mama mmoja alianza tarehe 3 Mei, akamaliza tarehe 8. Nianze kuhesabu wapi? (Reko, Kadutu)

Jibu: Anza tarehe 3, siku ya kwanza ya damu yenyewe, si ya matone. Hedhi ikirudi tarehe 1 Juni, mzunguko ulikuwa wa siku 29. Wengi huingiza siku ya kumaliza, na hapo simu huharibu hesabu yote ya mbele. Mama asiyekumbuka tarehe usimlazimishe, bali umuulize kama ilikuwa kabla ya misa ya Jumapili au baada ya siku ya soko, kisha mtafute tarehe pamoja.

Swali: Simu inaonyesha alama nyekundu kwa msichana wa miaka 14 mwenye mzunguko wa siku 40. (Reko, Bagira)

Jibu: Kwa mwanamke mzima kawaida ni siku 24 hadi 38, na pengine programu yenu imepangwa kwa kipimo hicho. Miaka ya kwanza baada ya kuvunja ungo, hata siku 45 si ugonjwa. Akipitisha siku 90 bila hedhi, zungumza naye faraghani, kisha umpeleke kwenye kituo cha afya.

Swali: Na aliyechomwa sindano ya uzazi wa mpango?

Jibu: Usiuamini utabiri wa simu. Sindano ya miezi mitatu huvuruga hedhi, na wengi huacha kuiona kabisa.

Swali: Damu ipi haingojei? (Reko, Panzi)

Jibu: Inayolowesha kitambaa kizima kila saa kwa saa kadhaa mfululizo, inayotoka wakati wa mimba, na inayorudi baada ya mwaka mzima bila hedhi. Simu huhesabu siku, haipimi wingi. Kwa hiyo muulize mama amebadilisha vitambaa mara ngapi na kama huamka usiku kubadilisha, kisha utazame ndani ya kope za chini kama zimepauka.

Swali: Mume mmoja alitaka kuona tarehe za mkewe. Nifanye nini?

Jibu: Usimwonyeshe. Tarehe hizo hufichua mimba, hata uzazi wa mpango ambao mama hakuutangaza nyumbani. Mwaka 2021, kampuni ya Flo, yenye programu ya simu ya kufuatilia hedhi, ilifikia mapatano na mamlaka ya biashara ya Marekani, baada ya kushtakiwa kuwapa wengine habari za afya za watumiaji wake. Basi hatari haianzi wala kuishia kwa mume. Simu iwe na namba ya siri, kila mama aandikwe kwa namba badala ya jina, orodha ya majina ibaki kituoni kwenye kabati lenye kufuli, na picha ya ukurasa isitumwe kamwe kwenye kundi la WhatsApp. Mume mwambie kwa upole kwamba hata habari zake yeye usingempa jirani, na kwamba mkewe akitaka atamweleza mwenyewe.