Bastola haikuwa siri

Mhariri, swali lenu la wiki hii mmeuliza kama kipaji kikubwa kinaweza kumfunika mtu ukatili wake, na mfano mliotoa ni Phil Spector, yule prodyuza wa Marekani aliyekufa Januari 2021 akiwa bado mfungwa wa mauaji. Najua majibu mtakayopata, nusu watasema muziki ni muziki na mtu ni mtu, nusu watasema futeni kila alichogusa. Mi naona pande zote mbili zinaruka sehemu moja, nayo ni wale waliokuwa wanacheka. Ntafika huko, ila lazima nianze na kazi yenyewe, maana bila kuielewa huwezi kujua kwa nini jamaa alivumiliwa miaka yote ile.

Sasa twende Los Angeles mwanzoni mwa miaka ya 1960, studio ya Gold Star. Wenzake walikuwa wanahangaika kila chombo kisikike peke yake, safi kabisa, yeye anafanya kinyume. Anajaza watu kwenye chumba kidogo, piano mbili tatu zinapiga kitu kilekile, magita matatu manne, besi zaidi ya moja, matarumbeta, wapiga manyanga na kengele, wote kwa wakati mmoja, halafu anawarudisha mwanzo tena na tena masaa kadhaa kabla hata tepu haijaanza kuzunguka. Wapiga gita vidole vinawauma. Inasemekana ndo alikuwa anataka hivyo, wachoke mpaka asisikike mtu mmoja, isikike sauti moja kubwa. Na ile sauti haikuishia hapo, ilikuwa inatoka kwenye maiki inapelekwa kwenye spika iliyofungiwa chumba kitupu chenye kuta za saruji, humo ndani kuna maiki nyingine inadaka ule mwangwi, ndo unarudishwa kuchanganywa na sauti ya kwanza. Yote kwa mono, yaani sauti zote zinapita njia moja badala ya kugawanywa kushoto na kulia kama stereo. Stereo aliichukia mpaka uzeeni. Mtindo huo ndo ukaitwa Ukuta wa Sauti.

Chukua Be My Baby ya kundi la mabinti la The Ronettes, 1963. Kiki tatu (ile ngoma kubwa ya mguu), sneya moja (ile ndogo yenye mlio mkali), basi, ushakamatwa. Hal Blaine aliyekuwa kwenye dramu amewahi kusimulia kwamba ule mpigo ulitokana na kosa, sneya ya pili ilimponyoka akaamua kuiacha hivyohivyo na kupiga ya nne peke yake mpaka ikawa ndo staili. Halafu anaingia Ronnie, Veronica Bennett, binti wa New York ambaye hajafikisha hata miaka 20, na Ronnie mwenyewe aliandika kwamba alikuwa anajifungia choo cha wanawake pale Gold Star kufanyia mazoezi zile "ooh" zake kwa sababu choo kilikuwa na mwangwi mzuri. Brian Wilson wa Beach Boys alipousikia kwenye redio ya gari mara ya kwanza ilibidi aegeshe pembeni. Mi simshangai.

Ila angalia hapo nimeshataja watu wangapi. Bado sijamtaja Larry Levine aliyekuwa fundi wa mitambo, Jack Nitzsche aliyepanga vyombo, Ellie Greenwich na Jeff Barry walioandika wimbo pamoja na Spector, na hata Cher, kabla hajawa Cher tunayemjua, alikuwemo kwenye waitikiaji. Spector ndo alikuwa na picha nzima kichwani, hilo simnyang'anyi. Lakini ule ukuta uliinuliwa na mikono mingi, na jina lililobaki juu ni moja.

Hilo halikutokea kwa bahati mbaya. Mwaka 1962 alikuwa na wimbo wa He's a Rebel, anataka uwahi kutoka kabla ya toleo la mtu mwingine, kundi lake la The Crystals liko mbali, yeye akamchukua mwimbaji mwingine, Darlene Love, na wenzake wakaimba, wakalipwa hela ya kurekodi kama vibarua, halafu akautoa kwa jina la The Crystals. Ukapanda mpaka namba moja. Yaani Darlene anasikia sauti yake redioni kwa jina la watu wengine, na The Crystals wanasikia jina lao kwenye sauti ya mtu mwingine na jukwaani wanatakiwa kuuimba kama wao! Watu wakisimulia hii huwa wanasema "jamaa mjanja". Sawa, mjanja.

The Ronettes nao. Walisaini mwaka 1963, wakapata malipo ya awali kama dola 15,000, halafu mirabaha, yaani fungu la msanii kazi yake ikiuzwa, wakasahau. Walimshtaki miaka ya 1980, wakashinda mwaka 2000, halafu 2002 mahakama ya juu kabisa ya jimbo la New York ikasema mirabaha ya mauzo ya rekodi walipwe, lakini nyimbo zikitumika kwenye filamu na matangazo hawana chao, mkataba ule wa 1963 ulimpa yeye haki zote. Kwa hiyo sauti ya Ronnie ikifungua filamu yoyote unayoijua, ndo hivyo.

Na Ronnie alikuwa ameshaolewa naye pia, 1968. Alichoeleza kuhusu ile ndoa kinajulikana, mageti, waya wenye miiba, mbwa, viatu vyake kuchukuliwa ili asitoke, na jeneza la rangi ya dhahabu lenye kifuniko cha kioo kwenye chumba cha chini, ambalo Spector alimwonyesha mama mkwe wake kwamba binti yako akijaribu kuniacha atalala humu. Mwaka 1972 alitoroka pekupeku, mama yake akimsaidia. Mwanamke mwenye moja ya sauti kubwa kabisa za muziki wa pop, na katika ndoa ile karibu hakuimba.

Sasa tufike kwenye kicheko. Mwaka 1973 John Lennon, yule wa Beatles, anarekodi albamu na Spector huko Los Angeles, Spector anafyatua bastola ndani ya studio. Mwaka 1977 ni zamu ya Leonard Cohen, mwimbaji na mshairi wa Kanada, yeye amesimulia mwenyewe, Spector alimjia usiku chupa ya mvinyo mkono mmoja, bastola mkono wa pili, akamzungushia mkono shingoni akambana na mdomo wa bastola akamwambia Leonard nakupenda, na Cohen akamjibu natumaini kweli unanipenda, Phil. Wakaja bendi ya Ramones, Dee Dee mpiga besi wao akadai walinyooshewa bastola wasitoke, ingawa Marky mpiga dramu wao amekuwa akipinga hiyo ya kutekwa. Ila bastola zilikuwepo, hilo halibishaniwi.

Hizi habari zimesimuliwa miaka na miaka kwenye mahojiano na magazeti ya muziki kama vituko. Jibu la Cohen linachekesha kweli, mi mwenyewe hucheka nikilisoma, na hapo ndo tatizo lilipo. Kila mtu alijua. Haikuwa siri ya familia iliyokuja kufumuka baadaye, jamaa alikuwa anatembea na bastola kiunoni na watu wanaandika "jiniasi ana wazimu wake". Mwaka 1989 akaingizwa kwenye Rock and Roll Hall of Fame, ile orodha ya heshima ya wakubwa wa muziki wa rock Marekani, ukumbi umejaa watu waliozisikia hizo stori zote.

Na angalia nani alikuwa anasimulia. Wanaume, wasanii wakubwa, wenye mabodigadi na wanasheria, waliotoka salama wakapata na stori ya kusimulia mezani. Wanawake walikuja kusikilizwa mahakamani tu, baada ya mtu kufa. Kwenye kesi yake ya mauaji walisimama wanawake 5, matukio yao yanaanzia miaka ya 1970 mpaka ya 1990, na ukisoma ushahidi wao ni kama wanasimulia usiku mmoja, amekunywa, mwanamke anasema naondoka, bastola inatoka. Ukiwa unakaa hakuna shida. Shida inaanza ukiinuka.

Aliyekufa ni Lana Clarkson, alikuwa na miaka 40, mwigizaji, aliwahi kuwa nyota wa Barbarian Queen mwaka 1985, kazi za filamu zikapungua akawa anafanya kazi ya kupokea wageni House of Blues, klabu ya muziki ya Los Angeles. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Februari 2003 Spector alifika pale, ndo wakakutana kwa mara ya kwanza, akaenda naye kwenye jumba lake la mji wa Alhambra, lile alilokuwa analiita kasri. Alfajiri dereva aliyekuwa anasubiri nje akasikia mlio, Spector akatoka na bastola mkononi akasema nadhani nimeua mtu. Lana alikutwa amekaa kwenye kiti karibu na mlango wa nyuma, amepigwa risasi mdomoni, mkoba wake uko begani.

Mkoba begani. Alikuwa anaondoka.

Utetezi wao ukasema alijiua, eti alikuwa na huzuni kwa sababu kazi zimekwama, na Spector alishamwambia mwandishi wa habari kwamba yule dada aliibusu bastola. Kesi ya kwanza, 2007, juri ikashindwa kukubaliana, 10 wakitaka atiwe hatiani, 2 wakikataa. Ya pili wakamtia hatiani Aprili 2009, akapewa miaka 19 mpaka maisha. Miaka 6 yote hiyo magazeti yanamwita Lana "mwigizaji wa filamu za daraja la pili", kana kwamba daraja la filamu zake ni sehemu ya ushahidi. Alipokufa Spector, BBC walitoka na kichwa cha habari cha kusema prodyuza mwenye kipaji lakini mwenye kasoro, watu wakawashukia, wakakibadilisha na kuomba radhi. Kasoro! Kama vile jamaa alikuwa na tabia ya kuchelewa vikao.

Sasa kuna hoja naiona kila mahali na ndo inayonikera kuliko zote, kwamba bila ule wazimu usingepata ule muziki, kwamba vilikuja kwenye kifurushi kimoja. Angalieni miaka jamani. Kazi zilizompa jina nyingi ni za kati ya 1961 na 1966, zimetengenezwa na mtu mkali, mnyanyasaji, mwizi wa sifa za wengine, sawa, lakini kwa kufanya kazi masaa mengi na watu wanaojua kazi. Mwaka 1966 River Deep – Mountain High, aliyoimba Tina Turner, ikafika namba 3 Uingereza lakini Marekani ikaishia namba 88, akasusa akajifungia. Alirudi 1970 na 1971 akafanya mazuri na George Harrison, naye wa Beatles, na Lennon, ingawa Harrison mwenyewe baadaye alisema mwangwi ulizidi. Halafu zile studio za bastola zikatoa nini? Rekodi za Lennon za 1973 zilivurugika, Spector akatokomea na tepu. Albamu ya Cohen, Spector alikuwa anaondoka na tepu kila usiku akaja kuchanganya sauti peke yake, Cohen hakupewa hata nafasi ya kurudia kuimba vizuri, na hakuipenda. Kwa hiyo bastola ilikuja ule uwezo wa kuwaweka watu 20 chumbani wakatoa sauti moja ulipokuwa unamtoka. Kama kuna kitu bastola iliongeza kwenye muziki mi sijakisikia. Ukisema ukatili ndo ulikuwa mafuta ya kipaji, unampa sifa hata kwa kitu kilichommaliza.

Kuhusu kusikiliza, mi nasikiliza. Ronnie alipoulizwa Spector alipokufa alisema alikuwa prodyuza mahiri lakini mume wa hovyo, na kwamba bado anatabasamu akisikia muziki waliofanya pamoja. Ule muziki alikuwa nao jukwaani mpaka miaka yake ya mwisho, akafariki Januari 2022. Sasa mi nani nimwambie kwamba sauti yake ifutwe kwa sababu ya mwanaume aliyemfungia ndani? Ukiufuta wimbo kama Be My Baby humwadhibu Spector, ameshakufa, unamnyamazisha Ronnie kwa mara ya pili. Kitu ambacho mi sikifanyi ni kuuita wimbo wa Phil Spector. Nasema wa Ronettes. Ule wa Krismasi wa 1963, Baby Please Come Home, ni wa Darlene Love, na huyu mama alirudi kuuimba mwaka baada ya mwaka kwenye kipindi cha televisheni cha David Letterman huko Marekani mpaka kipindi kinafungwa. Kuna watu wataona ni kitu kidogo, jina tu, lakini jina ndo alilowaibia kwanza kabla ya vingine vyote.

Na kama mnafikiri hilo lilisharekebishwa zamani, cheki ile Hall of Fame. Spector aliingia 1989. The Ronettes waliingizwa 2007, miaka 18 baadaye, mwaka uleule kesi yake ya kwanza ilipoanza kusikilizwa, na Estelle, dada yake Ronnie, hakuimaliza hata miaka miwili baada ya hapo, alifariki Februari 2009. Darlene Love alisubiri mpaka 2011.