Mfamasia Anajibu: Choo Kigumu, Tumbo la Kusokota na Dawa za Cheti

Barua za safari hii karibu zote zimehusu kukosa choo. Tumezifupisha, na majina tumeyaacha kama wengi walivyoomba.

SWALI: Shikamoo dokta. Nina miaka 34, nipo Morogoro. Mwaka wa pili sasa napata choo mara mbili kwa wiki, kigumu kama goroli. Ijumaa usiku nameza Dulcolax tatu, Jumamosi nashinda chooni, halafu Jumapili mpaka Jumatano hakuna kitu. Hospitali walinipa laktulosi ya maji, nikanywa kijiko cha chai asubuhi na jioni kwa siku nne. Nikaambulia gesi tu, nikaacha. Hakuna dawa yenye nguvu zaidi?

JIBU: Marahaba, mama. Zipo, lakini hizo mbili ulizonazo bado hujazitumia inavyotakiwa, kwa hiyo tuanzie hapo.

Kidonge kimoja cha Dulcolax kina bisakodili mg 5. Vitatu ni mg 15, dozi inayoweza kuusafisha utumbo mpana karibu wote kwa mkupuo. Utumbo mtupu unahitaji siku kadhaa za kula ndipo ujae tena kiasi cha kukupa haja. Ukimya wako wa Jumapili hadi Jumatano basi si ugonjwa uliorudi, ni utumbo ambao hauna cha kutoa. Wengi huingiwa na hofu hapo, wanameza tena, na mchezo unaendelea kwa miaka.

Laktulosi ni sukari ambayo mwili wa binadamu hauwezi kuisaga. Inafika utumbo mpana ikiwa nzima, inavuta maji, na bakteria wa huko wanaichachua. Huko kuchachuka ndiko kulikokuletea gesi. Kazi yake huonekana baada ya saa 24 hadi 48, wengine siku ya tatu. Kijiko cha chai ni ml 5, kwa hiyo ulikuwa unapata ml 10 kwa siku, wakati mtu mzima huanzia ml 15 na kupanda hadi 30, na daktari anaweza kuongeza zaidi. Ulinywa dozi ndogo, kwa siku chache, ukaacha kabla ya kuipandisha. Tumia kikombe cha vipimo kinachokuja na chupa. Anza na ml 15 jioni, baada ya siku tatu au nne panda hadi 30. Gesi kwa kawaida hupungua kadiri utumbo unavyozoea.

Gesi ikigoma kupungua, muulize daktari kuhusu makrogoli. Huu ni unga usiochachuliwa na bakteria, ndiyo maana gesi yake ni ndogo, na kwa maoni yetu ndio unaostahili kujaribiwa mapema kama mfuko unaruhusu. Wa chupa hupimwa g 17 kwenye glasi ya maji mara moja kwa siku. Pakiti zenye chumvichumvi, kama Movicol, zina takriban g 13 kila moja na huchanganywa na ml 125 za maji, pakiti moja hadi tatu kwa siku. Mwenye shida ya moyo au figo aseme kwanza, kwa sababu ya hizo chumvi. Wapo wanaouchanganya kwenye maji kidogo ili wamalize haraka, na hapo wanaiharibu dawa. Makrogoli hufanya kazi kwa kuyashika yale maji mpaka yafike kwenye choo, na bila maji hakuna kazi.

Unachokilenga ni aina ya 4 kwenye chati ya Bristol, ile iliyotengenezwa Uingereza, ikachapishwa mwaka 1997, inayopanga choo katika aina 7. Goroli zako ni aina ya 1, ya 4 ni laini, nyororo, iliyoshikana, na ya 7 ni maji matupu. Badilisha dozi kila baada ya siku tatu au nne, si kila asubuhi. Choo kikianza kuwa ujiuji, punguza dozi nusu, usiache kabisa. Jipe wiki nne kabla ya kuhukumu.

Bisakodili ibaki ya kuokoa. Siku ya tatu ikipita bila choo, meza kimoja au viwili wakati wa kulala, utaenda baada ya saa 6 hadi 12. Usikitafune, na usikimeze pamoja na maziwa wala dawa ya kiungulia. Ganda la kidonge limetengenezwa livumilie tindikali ya tumbo na kuyeyukia kwenye utumbo. Tindikali ikipungua, ganda hufunguka mapema, nawe utasokotwa na tumbo la juu bila faida.

SWALI: Nina mimba ya miezi mitano, niko Zanzibar. Choo kimefunga tangu nilipoanza vidonge vya damu vya kliniki. Bibi ananiambia ninywe mafuta ya nyonyo.

JIBU: Mwambie bibi kwa heshima kwamba hapana. Mafuta ya nyonyo yanasukuma utumbo kwa nguvu na yanaweza kuamsha uchungu kabla ya wakati. Madini ya chuma yaliyomo kwenye vidonge ndiyo yanayokaza choo na kukifanya cheusi, ila usiviache. Rudi kliniki wakubadilishie aina au mpangilio. Laktulosi inaruhusiwa kwa mjamzito, kwani haiingii kwenye damu ila kwa kiasi kidogo sana.

SWALI: Habari ya kazi, daktari. Baba yetu ana miaka 61, tuko Mombasa. Hajawahi kuwa na shida ya choo maishani, lakini miezi mitatu hii anakaa siku nne au tano. Anatumia tramadoli ya mgongo na verapamili ya presha. Tunaomba jina la dawa nzuri tumnunulie.

JIBU: Mzee msimnunulie kitu kabla hajaonwa. Choo kilichobadilika ghafla baada ya miaka 50 ni jambo la kuchunguzwa, hata kama kuna dawa za kulaumiwa, na hapa zipo mbili. Mpelekeni apimwe wingi wa damu na choo kitazamwe kama kina damu, kisha daktari aamue kuhusu kolonoskopi, kipimo cha kamera kupitia njia ya haja kubwa. Kama anakonda, anatoa damu, au kuna ndugu wa damu aliyewahi kupata saratani ya utumbo mpana, msisubiri mwezi upite. Akiwa anatapika, tumbo limevimba na hata hewa haitoki, hiyo ni dharura ya usiku huohuo, na dawa yoyote ya kuendesha inaweza kumdhuru.

Tramadoli, kama kodeini na mofini, hupunguza mwendo wa utumbo, na tofauti na usingizi au kichefuchefu, hili mwili haulizoei. Kwa mtu wa namna hii huandikwa dawa ya kuvuta maji kama makrogoli pamoja na ya kusukuma kama sena au bisakodili, tena tangu siku anayoanza dawa ya maumivu. Pumba na makapi ya nafaka hayamsaidii, yanaweza hata kurundikana. Verapamili nayo inajulikana kwa kufunga choo, na zipo dawa nyingine za presha, lakini kubadilisha ni kazi ya aliyeiandika. Asiiache mwenyewe.

SWALI: Nawasalimu kutoka Columbus, Ohio. Nimeambiwa nina IBS (tumbo kuuma mara kwa mara pamoja na choo kubadilika) ya kukosa choo, nikaandikiwa Linzess ya mikrogramu 290. Tumbo limepungua kuuma kidogo tu, lakini asubuhi nyingine naharisha hadi nachelewa kazini. Huwa nameza pamoja na chai na mandazi. Pia, mama yangu Tanga ana tatizo hilohilo. Naweza kumtumia chupa moja? Na Ramadhani nifanyeje?

JIBU: Chai na mandazi ndiyo ya kwanza kuondolewa. Linaklotaidi, dawa iliyomo ndani ya Linzess, humezwa tumbo likiwa tupu, angalau dakika 30 kabla ya mlo wa kwanza wa siku. Ikimezwa pamoja na chakula, hasa chenye mafuta, huharisha zaidi. Haiingii kwenye damu ila chembe. Inakaa kwenye ukuta wa utumbo na kuufanya umwage maji, na papo hapo inatuliza mishipa ya fahamu inayobeba maumivu. Maji huja ndani ya wiki ya kwanza, ila utulivu wa maumivu hujengeka polepole kwa wiki kadhaa, kwa hiyo usiipime kwa maumivu ya wiki ya pili.

Kuharisha huanza zaidi katika wiki mbili za mwanzo. Ukishasahihisha saa ya kumeza na bado unakimbia chooni, mpigie daktari. Zipo kapsuli za 145 na 72, ingawa 290 ndiyo iliyoidhinishwa kwa IBS. Kuharisha kukifuatana na kizunguzungu, acha dawa siku hiyohiyo kisha upige simu.

Ramadhani mlo wa kwanza ni futari. Fungua kwa maji na kapsuli, nenda ukaswali Magharibi, tende na uji vifuate dakika 30 zikishapita. Ukiwa unaharisha usifunge nayo kabla ya kuongea na daktari, maana mchana hutaweza kurudisha maji.

Kumtumia mama, hapana. Kapsuli hizi huharibika kwa unyevu, ndiyo maana chupa ina kile kipakiti cha kunyonya unyevu ambacho hakitakiwi kutolewa, na dawa haitakiwi kuhamishiwa kwenye kiboksi cha siku saba. Zaidi ya hapo, mama hajachunguzwa, na nyumbani kwake pengine wamo wajukuu. Kwa mtoto chini ya miaka miwili dawa hii ni marufuku kabisa, inaweza kumkausha maji hadi kumuua.

SWALI: Mimi mwanafunzi, Dodoma. Tumbo linasokota, nikienda chooni linapoa. Wiki hii naharisha, wiki ijayo kigumu. Nimetibiwa amiba mara nne na taifodi mara mbili. Rafiki yangu kapewa amitriptilini kwa tatizo hili, lakini nimesikia ni dawa ya wagonjwa wa akili.

JIBU: Maumivu ya angalau siku moja kwa wiki kwa miezi mitatu, yanayoambatana na kwenda haja na kubadilika kwa idadi au umbo la choo, ndiyo maelezo ya IBS yanayotumiwa na madaktari tangu 2016. Amiba hutibiwa ikionekana kwenye hadubini, si kwa kukisia. Kabla ya dozi ya tano ya metronidazoli, dawa ya amiba, omba choo kipimwe upya, pamoja na wingi wa damu. Tumbo likikuamsha usiku, ukikonda au ukitoa damu, si IBS mpaka ithibitishwe vingine.

Kwa msokoto, mebeverini mg 135 mara tatu kwa siku, dakika 20 kabla ya kula. Ukiimeza baada ya kula, chakula kimeshaanza kuukoroga utumbo. Buscopan mg 10 ni ya siku za shida, si ya kila siku, na wenye presha ya macho wasiiguse bila daktari.

Amitriptilini kweli ilianza kama dawa ya sonona, kwa dozi kubwa. Kwa tumbo huanzwa na mg 10 usiku na mara nyingi haizidi 30, kupunguza kelele za mishipa ya fahamu kati ya utumbo na ubongo. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2023, wenye wagonjwa 463, ulionyesha kwamba inasaidia kuliko kidonge kisicho na dawa. Imezwe mapema jioni, vinginevyo utasinzia kwenye kipindi cha asubuhi. Inakausha mdomo na inafunga choo, kwa hiyo inawafaa zaidi wanaoharisha. Wewe unayebadilikabadilika, anza chini na upande taratibu. Jaribu pia wiki tatu bila vitunguu maji, vitunguu saumu na maharage, kisha urudishe kimoja kimoja. Wali maharage wa kila mchana una mchango wake hapa.

SWALI: Nairobi. Miaka 45. Laktulosi, makrogoli na bisakodili, zote nimezitumia kwa miezi. Daktari ametaja prukalopraidi, dawa ya kuuchochea utumbo usukume. Nimesoma kwamba dawa za namna hiyo ziliondolewa sokoni kwa ajili ya moyo.

JIBU: Ni kweli ziliondolewa: sisapraidi mwaka 2000 na tegaserodi mwaka 2007 huko Marekani. Prukalopraidi imetengenezwa ishike kipokezi (sehemu ya seli inayopokea ishara) kimoja tu cha utumbo, na ndivyo ilivyopita Ulaya mwaka 2009 na Marekani mwishoni mwa 2018. Dozi ni mg 2 mara moja kwa siku, kabla au baada ya kula. Waliozidi miaka 65 na wenye figo dhaifu sana huanzia mg 1, na wa kusafishwa damu hawapewi. Kichwa kuuma, kichefuchefu na kuharisha huja siku za mwanzo na kupungua. Ukiona hali ya moyoni inabadilika, huzuni au mawazo ya kujidhuru, acha na umwone daktari. Wiki nne zikipita bila mabadiliko, kuendelea hakuna maana.

Kuna jambo hukutaja. Je, hata choo kikiwa laini kinagoma kutoka, unakaa nusu saa, unabonyeza kwa kidole? Basi tatizo linaweza kuwa misuli ya sakafu ya nyonga inayokaza pale inapotakiwa kulegea. Hupimwa kwa puto dogo lenye maji ml 50 linalowekwa kwenye njia ya haja. Asiyeweza kulisukuma ndani ya dakika moja au mbili huenda ana hilo tatizo. Tiba yake ni mazoezi ya kufundishwa na mtaalamu wa fiziotherapia anayejua misuli hiyo, pamoja na stuli ya sm 20 chini ya miguu ukiwa kwenye choo cha kukaa. Kama dalili hizo unazo, omba rufaa ya kipimo hicho kabla ya kununua pakiti ya kwanza ya prukalopraidi, kwani bei yake si ndogo na misuli hiyo haiwezi kuilegeza.