Beki Mwembamba, Beki Mnene: Ushauri kwa Mzazi Ambaye Mtoto Wake Anacheza Futiboli ya Kimarekani

Kila mwezi Agosti, mazoezi ya futiboli ya shule za sekondari yanapoanza hapa Columbus, Ohio, wazazi wenzangu kutoka Afrika Mashariki hunitafuta, kwa kuwa wanajua kwamba niliwahi kucheza na kwamba sasa najitolea kuwafundisha mabeki wa nyuma. Mwaka jana dada mmoja mwenyeji wa Mwanza alinisimamisha kwenye maegesho ya magari, akamwonyesha mwanawe kwa kidevu, akasema, "Mdogo wangu, niambie ukweli. Mtoto mwembamba kama ufito, si watamvunja?" Kijana mwenyewe, mwenye umri wa miaka 15, urefu wa sentimita 172 na uzito wa kilo 61, alikuwa anatazama viatu vyake.

Nilimjibu kwamba hofu yake ni ya haki, lakini kabla ya kuuliza mtoto ana kilo ngapi, angeuliza kwanza atasimama wapi uwanjani, kwa sababu mabeki wa nyuma hawafanyi kazi moja. Konabeki hukaa pembeni akimfuata mpokeaji, yaani mpinzani anayekimbia ili arushiwe mpira, popote aendapo. Mbio zake ni nyingi na migongano yake ni michache, hivyo mara nyingi kinachomwangusha ni msuli wa nyuma ya paja, kinena au goti, tena wakati mwingine bila kuguswa na mtu. Sefti ni beki wa katikati nyuma, na wapo wawili: sefti wa karibu husogea mbele kuwasaidia walinzi wazito wa mstari wa mbele kumzuia mbeba mpira, na mwili wake hupokea vishindo vya bega, shingo na kichwa karibu kila mchezo. Sefti wa mbali husimama nyuma kabisa ya wenzake, na ingawa hugongana mara chache, akigongana huwa amekuja na mbio zote.

Nafasi inayowadanganya wazazi wengi, na hata baadhi ya makocha, ni ile ya beki wa tano wa ndani, ambaye huitwa nikeli. Kwa kuwa hupambana na wapokeaji wadogo wenye kugeuka haraka, nafasi hiyo hupewa kijana mwepesi, na mzazi hufurahi akidhani mwanawe amefichwa mahali salama. Ukweli ni kwamba nikeli yupo hatua chache tu kutoka kwa wanaume wa kilo 130, na timu pinzani ikiona mdogo amesimama pale, itapitisha mpira upande wake makusudi. Mimi ningependa mtoto mwembamba aanzie pembeni, ambako mstari wa uwanja humsaidia kukaba kama beki wa pili, kabla hajapelekwa ndani.

Waliofika ligi kuu ya Marekani wanatuonyesha kwamba kimo humpangia beki kazi. Timu ya Seattle iliyoishinda Denver 43 kwa 8 katika Super Bowl, fainali ya ligi hiyo, ya Februari 2014 ilikuwa na Richard Sherman, konabeki wa sentimita 191 ambaye mikono yake mirefu ilitosha kumsumbua mpokeaji tangu hatua ya kwanza. Kam Chancellor, mwenye urefu huohuo lakini akiwa na kilo zaidi ya 100, alicheza sefti wa karibu. Na Earl Thomas, wa sentimita 178 tu, aliachiwa eneo lote la nyuma kwa sababu ya mbio zake. Ungewabadilisha nafasi, ungeharibu ulinzi wote.

Hata hivyo, kimo hakikumkinga yeyote kati yao. Desemba 2016 Thomas alivunjika mguu alipogongana na Chancellor, mwenzake mwenyewe, wote wawili wakiufuata mpira mmoja. Novemba 2017, katika mchezo mmoja huko Arizona, Sherman alikatika kano ya kisigino, na Chancellor akaumia shingo kiasi kwamba hakucheza tena.

Ukitaka kuona jinsi uzito unavyoweza kumpotosha mtu, waweke pamoja Bob Sanders na Ronde Barber. Sanders, sefti wa Indianapolis mwenye sentimita 173 na kilo 93 hivi, alikuwa amejazia kama gunia la mchele, na aliwavamia watu kana kwamba yeye ndiye mkubwa. Katika msimu wa 2007 alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa ulinzi wa ligi nzima, lakini katika misimu 8 alicheza michezo ya kawaida, yaani isiyo ya mtoano, 50 pekee. Barber wa Tampa Bay alikuwa mwepesi kuliko Sanders kwa kilo 10 hivi, alicheza konabeki na mara nyingi nikeli, pale pale ninapowaonya wazazi, na bado alianza michezo ya kawaida 215 mfululizo katika maisha yake ya uchezaji ya misimu 16. Bahati ilikuwa na sehemu yake, sikatai. Lakini Barber alikuwa hodari wa kuusoma mchezo mapema, na mtu anayefika mahali kabla ya mpira huchagua namna ya kugongana.

Mimi nililipa gharama ya somo hili kwa mwili wangu. Nilifika Ohio kutoka Tanga nikiwa na miaka 14, sijui mpira mwingine zaidi ya ule wa miguu, na kwa kuwa nilikuwa na mbio nikawekwa konabeki, nikacheza misimu 2 bila jeraha la maana. Kabla ya msimu wa mwisho kocha wangu wa wakati ule aliamua niwe sefti wa karibu, akaniagiza niongeze kilo 9 kati ya Mei na Agosti. Nilikula wali sahani mbili mbili, na saa nne usiku nilikuwa jikoni nikilamba kijiko cha siagi ya karanga na kushushia maziwa, huku mama akimshukuru Mungu kwamba hatimaye mwanawe anakula. Mizani ilisoma kilo 82, na kocha akanipiga bega kwa furaha.

Wiki ya pili ya mazoezi niligeuza nyonga kumfuata mpokeaji, nikahisi kama mtu amenitupia jiwe nyuma ya paja, nilipogeuka hapakuwa na mtu. Wiki 5 nikakaa benchi. Niliporudi, katika mchezo wa tatu niliinamisha kichwa kumwendea mbeba mpira aliyenizidi uzito, na bega la kulia likateguka. Hadi leo nikivaa kanzu, mkono wa kulia ndio hutangulia.

Kwa hiyo mtu akikuambia mtoto wako anenepe haraka ili abadilishwe nafasi, muulize ana mpango gani wa miguu, mgongo na shingo ya mtoto huyo, kwa maana misuli yake ya mbio ilizoea mzigo mwingine na mifupa yake bado inakua. Kilo mbili au tatu kwa mwaka, zikija na mazoezi ya nguvu yanayosimamiwa, zinatosha kabisa. Akikosa jibu, kataa kwa adabu. Hiyo ni haki yako kama mzazi.

Jambo la pili ni kwenda mazoezini siku moja kutazama namna wanavyofundishwa kukaba. Beki mdogo hamvamii mkubwa kifuani. Hufupisha hatua anapokaribia, macho juu, bega likaelekea kwenye paja, kichwa kikapita upande wa nyuma wa mbeba mpira wala si mbele yake, mikono ikafunga miguu yote miwili, kisha akajiviringisha naye hadi chini. Namna hii imetoka kwenye raga, na Pete Carroll, aliyekuwa kocha wa Seattle wakati huo, ndiye aliyeifanya ijulikane hapa kwa video aliyoitoa mwaka 2014. Ukiona watoto wanasifiwa kwa kupiga kwa kofia ngumu ya kichwani, mwondoe wako hata kama ana kilo 100.

La tatu, mzoeze mtoto kusema anapoumwa kichwa baada ya mgongano, na umwambie mbele ya kocha kwamba hutamlaumu kwa kutolewa.

Kijana wa yule dada tulimpa nafasi ya konabeki. Msimu uliisha akiwa na kilo 63, ameteguka kidole gumba basi, na makosa yake mengi yalikuwa ya kugeuka akiwa amechelewa. Mwaka huu ameomba kujaribu nikeli. Nimemwambia kwanza anionyeshe mara 20 mfululizo, kwenye godoro la mazoezi, kichwa kikipita nyuma ya paja. Juzi alifika 14, mara ya 15 akatanguliza kofia, tukaanza kuhesabu upya.