Kumpa mbwa vifaranga hai

SWALI: Daktari, habari za kazi. Hapa Nkuhungu nanunua vifaranga madume wa siku moja kwa bei ya kutupa na kumrushia mbwa wangu wakiwa hai. Jirani ananiita katili. Je, ana haki? – Msomaji, Dodoma

JIBU: Ndiyo, anayo. Kumlisha mbwa kifaranga si kosa. Kosa ni kumwacha kiumbe achezewe na kutafunwa akiwa na fahamu, na mbwa hahitaji mawindo hai. Tena unamfundisha kuwinda. Akivuka ua na kuingia kwenye banda la huyo jirani, utalipa kuku wazima.

Waue vifaranga kwanza, siku hiyohiyo. Shika miguu kwa mkono mmoja, na shingo, pale inapokutana na fuvu, kwa vidole viwili vya mkono wa pili. Vuta kwa nguvu huku ukikunja kichwa kwa nyuma, mara moja. Kusitasita ndiko kunakotesa. Mabawa yatapigapiga kidogo, hilo ni la kawaida. Gusa jicho, likipepesa, rudia papo hapo. Usiwazamishe majini wala kuwafungia kwenye mfuko.

Kisha wachemshe vizuri, maana kuku wabichi hubeba salmonela, vijidudu vya kuharisha, na watoto wako wanamshika mbwa huyo. Changanya na ugali wa dona. Mifupa ya kifaranga ni laini, lakini ya kuku mkubwa ikipikwa huvunjika vipande vyenye ncha na kutoboa utumbo.

Na maji ya mbwa yawepo kivulini kutwa. Jua la Dodoma unalijua.