Kupanga somo kwa mitindo ya kujifunza

Mwalimu, ukiuliza kama upange somo kwa mtindo wa kujifunza wa kila mtoto, jibu ni hapana: usiwagawe wanafunzi kuwa "wa kuona", "wa kusikia" na "wa kutenda" kisha kila kundi ukalipatia somo lake. Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake watatu, wanasaikolojia wa Marekani, walipitia tafiti zilizokuwapo na hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba mtoto huelewa zaidi akifundishwa kwa mtindo anaoupenda. Kupenda picha kupo kweli. Kwamba basi atajifunza vyema kwa picha tu, hilo ndilo halijathibitishwa.

Acha mada ikuamulie njia. Chukua bamvua (maji ya bahari yanapojaa na kupwa sana) na maji mafu (yanapojaa na kupwa kidogo): darasa zima lahitaji mchoro wa jua, mwezi na dunia, lahitaji maelezo ya mdomo, na ikiwezekana siku za mwezi mpevu washuke ufuoni, kama Nyali huko Mombasa, wajionee maji yanavyojaa na yanavyokupwa mbali. Yule aliyeandikwa "wa kusikia" ukimnyima mchoro utakuwa umemdhulumu, maana hapo ndipo ataona kwa nini bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu.

Mwenye uoni hafifu au usikivu mdogo ni habari nyingine kabisa. Hilo ni hitaji, na lazima somo limfikie. Kuwauliza wanafunzi wanapenda nini pia kunafaa, ila kwa kuchagua mifano na kazi za kuwaamsha hamu.